Kazimieras Būga na Majina ya Kale ya Walithuania

Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, Mlithuania aliyetaka kusoma habari za watawala wa kale wa taifa lake aliwakuta wamevishwa majina ya kigeni. Katika vitabu vya Kirusi aliwasoma Olgerd, Keistut na Vitovt. Katika vitabu vya Kipolandi akawasoma Olgierd, Kiejstut na Witold. Hao ndio watawala walioitanua dola ya Lithuania katika karne ya kumi na nne na mwanzoni mwa karne ya kumi na tano, kutoka nchi za Bahari ya Baltiki hadi kuikaribia Bahari Nyeusi. Hata hivyo, majina yao jinsi yalivyoandikwa hayakumwambia mkulima wa Lithuania neno lolote. Yalikuwa sauti tupu. Si ajabu basi kwamba wasomi wengi wa zama hizo waliiona lugha ya Kilithuania kuwa lugha ya shambani na ya jikoni tu, isiyo na uhusiano wowote na utukufu wa mababu. Mtu aliyeyarejesha majina hayo katika lugha iliyoyazaa, kwa ushahidi wala si kwa ushabiki, ni Kazimieras Būga.

Būga alizaliwa tarehe 6 Novemba 1879 katika kijiji cha Pažiegė, karibu na mji mdogo wa Dusetos, kaskazini mashariki mwa Lithuania. Nchi hiyo wakati huo ilikuwa chini ya himaya ya Urusi. Baada ya maasi ya mwaka wa 1863 kuzimwa, serikali ya Urusi ilipiga marufuku uchapishaji wa maandishi ya Kilithuania kwa alfabeti ya Kilatini. Marufuku hiyo ilianza mwaka wa 1864. Vitabu vilivyoruhusiwa ni vile vya herufi za Kirusi, na wananchi wakavisusia. Matokeo yake ni kwamba vitabu vya Kilithuania vilichapwa ng'ambo ya mpaka, katika Prussia Mashariki, kisha vikaingizwa nchini kwa magendo na watu waliokuwa tayari kufungwa au kupelekwa Siberia kwa sababu ya kitabu cha sala au kalenda. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka wa 1904, Būga akiwa na umri wa miaka ishirini na minne. Kwa maneno mengine, utoto na ujana wake wote ulipita katika lugha ambayo kuichapa kwa herufi zake lilikuwa kosa la jinai.

Inafaa kutaja hapa kwamba jina lake mwenyewe halikuwa la Kilithuania. Kazimieras ni Kazimierz ya Wapolandi, jina la Kislavi lililoenea Lithuania kwa heshima ya Mtakatifu Kasimiri, mwanamfalme aliyefariki mwaka wa 1484 na ambaye ndiye msimamizi wa nchi hiyo. Mwalimu wa kwanza aliyemwingiza Būga katika isimu naye aliitwa Kazimieras. Huyu ni Kazimieras Jaunius (1848–1908), kasisi na profesa katika chuo cha theolojia cha Kikatoliki mjini St. Petersburg. Būga alikuwa katibu wake. Jaunius alikuwa na sikio kali ajabu. Alizifahamu lahaja za Kilithuania kuliko wengi wa wakati wake, ila aliandika kidogo mno. Sehemu kubwa ya elimu yake ingalizikwa pamoja naye lau Būga asingaliishughulikia sarufi yake na kuitafsiri kwa Kirusi.

Lakini Jaunius alikuwa na udhaifu mmoja ambao karibu umharibu mwanafunzi wake. Alipenda kukisia asili za maneno, na makisio yake mengi hayakuwa na msingi. Būga, kwa heshima ya mwalimu, aliyafuata. Mwaka wa 1908 alitoa kitabu chake cha kwanza kikubwa, Aistiški studijai, yaani uchunguzi wa lugha za Kibaltiki, ambacho kilijaa fikra za Jaunius. Baada ya miaka michache tu ya masomo alikikana kitabu hicho. Si jambo jepesi kwa kijana anayetafuta jina kukataa kitabu chake mwenyewe, tena kilichojengwa juu ya mafundisho ya mzee aliyempenda na aliyekuwa amefariki mwaka ule ule. Būga alilifanya, na tangu hapo tabia yake ya kitaaluma ikawa imekwisha kuamuliwa: neno halikubaliwi kwa sababu linapendeza, linakubaliwa kwa sababu sauti zake zinaweza kuelezwa moja baada ya nyingine.

Masomo yaliyombadilisha ni yale ya Chuo Kikuu cha St. Petersburg, alikosoma kuanzia mwaka wa 1905 hadi 1912. Miongoni mwa walimu wake alikuwapo Jan Baudouin de Courtenay, mmoja wa waasisi wa dhana ya fonimu. Baadaye alikwenda Königsberg kujifunza chini ya Adalbert Bezzenberger, bingwa wa Kijerumani wa lugha za Kibaltiki. Alipata shahada ya uzamili mwaka wa 1914. Katika madarasa hayo alijifunza kwamba lugha hubadilika kwa kanuni, na kwamba sauti ya lugha moja inapopita katika kinywa au kalamu ya lugha nyingine hubadilika kwa utaratibu unaoweza kutabiriwa. Wanafunzi wa isimu ya Kibantu wanaufahamu msingi huu kutokana na Carl Meinhof, ambaye kitabu chake cha mwaka wa 1899 kililinganisha sauti za lugha za Kibantu ili kufikia sauti za lugha mame. Būga aliupeleka msingi uo huo mahali ambapo wengi hawakutazamia ungeleta mavuno: katika majina ya watu.

Mwaka wa 1911, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu, alichapisha mjini Vilnius kazi yake juu ya majina ya watu ya Kilithuania, Apie lietuvių asmens vardus. Miaka minne ilikuwa imepita tangu Jonas Basanavičius na wenzake waunde Jumuiya ya Kisayansi ya Lithuania katika mji huo huo, na shauku ya kuyajua ya kale ilikuwa kubwa. Shauku hiyo ilikuwa na hatari zake. Kwa karne kadhaa majina na asili ya Walithuania yalikuwa uwanja wa kubuni. Katika karne ya kumi na sita mabwana wa Lithuania walijivunia hekaya ya Palemon, Mrumi aliyedaiwa kuhamia pwani ya Baltiki pamoja na jamaa zake, na wapo waliodai kwamba hata jina la nchi yao lilitokana na Italia. Ukoo mkubwa wa Radvila, ambao Wapolandi huuita Radziwiłł, ulikuwa na hekaya yake pia: kwamba babu yao alimshauri mtawala Gediminas kuujenga mji wa Vilnius, na kwamba jina lao linatokana na maneno ya Kipolandi ya kutoa shauri na ya jina la mji huo. Ni hekaya tamu, ila Gediminas na watu wake hawakuwa Wapolandi. Jina hilo ni la Kilithuania toka mwanzo hadi mwisho, nalo lina shina rad- la kupata au kuona kilichopotea na shina vil- la tumaini.

Hata washairi walichangia. Mnamo 1823 Adam Mickiewicz, aliyezaliwa katika nchi zilizokuwa za Dola Kuu ya Lithuania na kuandika kwa Kipolandi, alitoa utenzi uitwao Grażyna, ambao shujaa wake ni mwanamke wa Kilithuania. Jina hilo alilibuni kutokana na kivumishi gražus, chenye maana ya -zuri. Hakuna Mlithuania wa kale aliyeitwa hivyo. Siku hizi wako wanawake wengi nchini Poland wenye jina hilo, nalo ni jina halisi kama jina jingine lolote. Lakini mtafiti anayetaka kujua watu wa karne ya kumi na tatu waliitwaje hana budi kuliweka kando.

Būga aliuliza swali jingine kabisa. Badala ya kuuliza jina fulani lingeweza kuwa na maana gani, aliuliza kwanza lilitamkwaje na mwenyewe. Walithuania wa kale hawakuandika lugha yao; kitabu cha kwanza kilichochapwa kwa Kilithuania ni katekisimu ya mwaka wa 1547. Majina ya watawala na mabwana yamehifadhiwa na watu wa nje: makarani walioandika kwa lugha za Kislavi, makasisi walioandika kwa Kilatini, na wapiganaji na waandishi wa Kijerumani wa Shirika la Teutoni, ambao walikuwa adui. Kila mmoja wao aliandika alichosikia kwa sikio la lugha yake. Kazi ya mwanaisimu ilikuwa kulijua sikio hilo na kasoro zake.

Karani wa Kislavi, mathalan, alipokutana na irabu mbili zinazotamkwa pamoja, au, aliandika ov. Irabu fupi a aliiandika o. Kiishio cha Kilithuania cha majina mengi ya kiume, -as, alikiacha kabisa kwa kuwa lugha yake haikukihitaji. Ukishazijua tabia hizi tatu, majina mengi yanafunguka yenyewe. Mindovg wa nyaraka za Kislavi anageuka Mindaugas, mfalme aliyevikwa taji mwaka wa 1253 na kuuawa mwaka wa 1263. Vitovt anageuka Vytautas. Dovgird anageuka Daugirdas, na Olgerd anageuka Algirdas. Hakuna hata mmoja aliyebadilishwa kwa hiari ya mtafiti. Kanuni inayomrudisha mmoja ndiyo inayowarudisha wote.

Mfano wa Kęstutis unaonyesha jinsi mashahidi wawili wanavyoweza kusahihishana. Makarani wa Kislavi walimwandika Keistut, na humo hamna nazali yoyote. Wajerumani, waliopigana naye kwa miongo kadhaa na hata kumteka, walimwandika Kynstut, na hao waliisikia n. Je, nani alisikia vizuri? Jibu limo katika kitenzi cha Kilithuania kęsti, kuvumilia, ambacho katika wakati uliopo hutamkwa kenčia, na n yake iko wazi. Irabu ę ya Kilithuania hapo awali ilikuwa ya nazali, na mkia mdogo unaoandikwa chini yake hadi leo ni kumbukumbu ya nazali hiyo. Kwa hiyo katika suala hili adui aliandika sawasawa.

Baada ya umbo la jina kupatikana ndipo maana iliweza kutafutwa, na hapo lugha ya wakulima ikatoa ushahidi ambao hakuna aliyeutazamia. Ilidhihirika kwamba majina ya kale ya Kilithuania kwa kawaida yalikuwa na mashina mawili, na kwamba mashina hayo ni maneno ambayo watu wa vijijini waliendelea kuyatumia kila siku. Taut- ni watu au taifa. Min- ni kukumbuka na kufikiri, na daug ni wingi, hivyo Mindaugas hubeba fikira na wingi. Gird- ya Algirdas ni shina la kusikia, na al- huhusishwa na neno la kale lenye maana ya kila au -ote. Jo- ya Jogaila ni kupanda farasi. Vyd- ya Manvydas ni kuona. Vil- ya Tautvilas ni tumaini. Bibi kizee aliyekuwa akichuma viazi katika shamba la mwinyi wa Kipolandi alikuwa akiyatamka mashina ya majina ya wafalme pasi na kujua, na mwinyi wake hakujua pia.

Mashina mengine yalihitaji tahadhari. Katika Kilithuania cha sasa gaila ni neno la huruma na masikitiko. Anayesoma majina Jogaila, Skirgaila, Švitrigaila na Karigaila kwa maana hiyo atadhani kwamba Walithuania waliwapa wana wao majina ya kilio. Shina hilo zamani lilikuwa na maana ya nguvu na ukali, na jamaa zake wamo katika lugha za Kijerumani na za Kislavi. Vivyo hivyo, ged- ya Gediminas leo inasikika kama kuomboleza, ilhali maana ya kale ni kutamani na kuwa na hamu ya kitu. Neno huhama, jina hubaki pale lilipowekwa. Ndiyo sababu jina la mtu linaweza kuhifadhi maana ambayo kamusi imekwisha kuisahau.

Muundo huu wa mashina mawili haukuwa wa Walithuania peke yao. Wagiriki walikuwa na Demosthenes, watu na nguvu. Waslavi walikuwa na Vladimir na Stanislav. Wajerumani wa kale walikuwa na Theodoric, na sehemu ya kwanza ya jina hilo, yenye maana ya watu, ni neno lile lile tauta likiwa limepita njia nyingine ya mabadiliko ya sauti. Hapa majina ya Walithuania yalipata uzito ambao hekaya ya Palemon isingaliweza kuyapa. Hayakutoka Roma. Yalikuwa tawi la mti ule ule wa Kihindi-Kiulaya ambao majina ya Kigiriki na ya Kijerumani yalikuwa matawi yake, na tawi lenyewe lilikuwa limehifadhi mengi ya kale.

Lipo jambo moja ambalo wasomaji wa majina hulisahau kwa urahisi, na ambalo pengine ndilo gumu kulikubali. Jina la mashina mawili si sentensi. Haifai kuyaunganisha mashina ya Vytautas, shina la kufukuza au kuona pamoja na shina la watu, kisha kutangaza kwamba baba yake alikusudia mfukuzaji wa mataifa. Mashina yalipokezwa ndani ya ukoo kama mali. Algirdas alikuwa na wana wengi, na miongoni mwao ni Jogaila, Skirgaila, Švitrigaila na Karigaila, wote wenye gaila mwishoni. Jina Kęstutis huchukuliwa kuwa ufupisho wa jina refu lenye taut-, na mwanawe ndiye Vytautas. Aliyelisikia jina la kijana alijua mara moja ni wa nyumba ipi. Maana ya kila shina ilikuwapo na ilithaminiwa, lakini muungano wa mashina aghalabu ulikuwa taarifa ya nasaba kuliko kauli ya sifa. Vijitabu vya majina vinavyowatafsiria wazazi kila jina kwa sentensi nzuri ya maneno matatu huwapa kitu ambacho hakikuwamo.

Swali jingine ni jinsi majina hayo yalivyoponyoka kufutwa. Jogaila alibatizwa mwaka wa 1386 mjini Kraków, akaitwa Władysław na kutawazwa mfalme wa Poland; mwaka uliofuata ubatizo ukaletwa Lithuania. Mwandishi wa historia wa Kipolandi wa karne ya kumi na tano, Jan Długosz, ameeleza kwamba watu wa kawaida waligawanywa makundi makundi na kila kundi likapewa jina moja la Kikristo. Vytautas aliitwa Alexander. Katika hali hiyo jina la asili lingetarajiwa kufa katika vizazi viwili. Halikufa kwa sababu lilihamia mahali pengine. Mtu alibatizwa Jonas, lakini kwa kuwa akina Jonas walikuwa tele kijijini, aliendelea kutambulishwa kwa jina lake la zamani au la baba yake, na hilo likawa jina la ukoo. Ndivyo walivyopatikana akina Goštautas, Daugirdas na Narbutas. Wengine waliyaacha majina yao katika ardhi: kijiji kiitwacho Daugirdai, kwa wingi, ni mahali pa akina Daugirdas. Jina la ukoo na jina la kijiji ndivyo vilivyokuwa mizani ya Būga. Umbo lililopatikana kwa kanuni kutoka katika hati za kale lilipokutana na umbo lililo hai katika kinywa cha mkulima, shauri lilikwisha.

Wanawake wana sehemu ndogo katika habari hii, na si kwa sababu hawakuwa na majina. Hati za kale zilihusu ardhi, vita na mikataba, na makarani waliwataja wanaume. Birutė, mke wa Kęstutis na mama wa Vytautas, ni miongoni mwa wachache ambao majina yao ya asili yameokoka.

Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta Būga katika Urusi na kumsukuma mbali zaidi na nchi aliyokuwa akiichunguza. Alifundisha katika chuo kikuu kilichofunguliwa mjini Perm mwaka wa 1916, karibu na milima ya Ural, kisha akaenda Tomsk huko Siberia, wakati mapinduzi na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiisambaratisha Urusi. Mwaka wa 1920 alirejea Lithuania, ambayo ilikuwa imetangaza uhuru mwaka wa 1918. Vilnius, mji wa Gediminas, ulichukuliwa na majeshi ya Kipolandi mwezi Oktoba mwaka ule ule wa kurejea kwake, na Kaunas ikawa makao ya muda ya serikali. Chuo kikuu kilifunguliwa hapo mwaka wa 1922 na Būga akawa mmoja wa maprofesa wake, pamoja na Jonas Jablonskis, mtu aliyekuwa akiisanifisha lugha ya Kilithuania.

Katika miaka minne iliyofuata alifanya kazi kana kwamba alijua muda ulikuwa mfupi. Mwaka wa 1922 alitoa kitabu Kalba ir senovė, yaani Lugha na mambo ya kale. Kutoka katika majina ya watu alikuwa ameingia katika majina ya mahali, na hasa ya mito, kwa kuwa mto hushika jina lake hata wakazi wanapobadilika. Mwaka wa 1923 na 1924 alichapisha uchunguzi uliotumia majina ya mito kuonyesha kwamba wazee wa Walithuania na ndugu zao wa Kibaltiki waliishi zamani mbali sana upande wa mashariki na kusini mashariki, katika nchi za mto Dnieper wa juu ambazo sasa ni za Belarus na Urusi. Wakati huo Walithuania na Wapolandi walikuwa wakizozania Vilnius, na ingekuwa rahisi kuugeuza uchunguzi huo kuwa silaha. Lakini hoja yenyewe ilikuwa na makali pande zote mbili: kama Walithuania walitoka mashariki, basi hata sehemu ya nchi waliyokuwa wakikaa hawakuwa wenyeji wake tangu mwanzo wa dunia. Būga aliandika hivyo hivyo kama ushahidi ulivyomwelekeza. Mwaka wa 1962 Vladimir Toporov na Oleg Trubachev walichapisha uchambuzi wao wa majina ya mito ya eneo hilo na kupata mamia ya majina ya Kibaltiki.

Kazi iliyombeba usiku na mchana, hata hivyo, ilikuwa kamusi. Alianza kukusanya maneno mwaka wa 1902, na kwa muda wa zaidi ya miaka ishirini alijaza kadi takriban 600,000. Alikusudia kuyaweka pamoja maneno yote ya Kilithuania, majina ya watu, ya koo, ya mito na ya vijiji, kila moja na historia na asili yake, maana kwake jina halikuwa kitu cha kutengwa na neno. Mpango huo ulizidi uwezo wa mtu mmoja, naye hakujidanganya. Alikiona alichokuwa akikitoa kuwa rasimu ya kamusi bora itakayokuja. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka wa 1924. Ya pili ilitoka mwaka wa 1925, mwenyewe akiwa hayupo. Aliaga dunia tarehe 2 Desemba 1924 mjini Königsberg, katika mji ule ule alikosomea, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Kaburi lake liko katika makaburi ya Petrašiūnai mjini Kaunas.

Kamusi yake iliishia katika neno anga. Msomaji wa Kiswahili atashtuka kidogo akilisikia. Katika Kilithuania neno hilo lina maana ya mwanya au tundu la kupitia, na kufanana kwake na anga ya Kiswahili ni bahati tupu, kufanana kwa aina ile ambayo Jaunius angeweza kukusimamishia nadharia.

Mwaka wa 1930 kadi za Būga zilikabidhiwa Juozas Balčikonis, aliyeteuliwa kuwa mhariri mpya, na kamusi ikaanzishwa upya kwa mpango mwingine, bila majina ya watu. Juzuu ya kwanza ilichapishwa mwaka wa 1941 na ya ishirini, ambayo ni ya mwisho, mwaka wa 2002. Katika mwaka huo huo wa 1930, taifa likiadhimisha miaka mia tano tangu kufariki kwa Vytautas, chuo kikuu cha Kaunas kilipewa jina la mtawala huyo. Vytautas, Algirdas, Kęstutis, Gediminas na Mindaugas yalikuwa yamekuwa majina ya kawaida ya watoto wa kiume, katika maumbo ambayo utafiti wa Būga uliyapa msingi wa kisayansi. Mwaka wa 1932 walizaliwa watoto wawili wa aina hiyo: Vytautas Landsbergis, aliyeliongoza bunge lililotangaza kurejeshwa kwa uhuru wa Lithuania tarehe 11 Machi 1990, na Algirdas Brazauskas, aliyechaguliwa rais wa nchi hiyo mwaka wa 1993.